Bakuli Lililopita Tupu

Tanga nilikokulia, mtu akiteleza mbele ya wageni, mama humkata jicho tu, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya samaki. Funika kombe mwanaharamu apite. Nimelelewa hivyo, na mpaka leo uzuri wake nauona, maana kuna aibu ambazo zikitolewa nje haziponyi mtu. Ndiyo sababu Julai 2025, nilipokuwa Chanthaburi na televisheni za Thailand zikawa zinawafunua watawa wa Kibudha mmoja baada ya mwingine asubuhi hadi usiku, nilikuwa nikiinamisha macho kama mtu aliyeingia chumbani kwa watu bila kupiga hodi.

Chanthaburi sikwenda kutalii. Ni mji wa mawe, upande wa mashariki karibu na mpaka wa Kambodia, na Waafrika wanaokwenda huko na vifurushi vya vito ni wengi kuliko unavyodhani. Mimi hupeleka spineli za Mahenge, na yakuti za Umba nikizipata. Soko ni mwisho wa wiki: mnunuzi anakodi meza, anakaa, na madalali wanamiminika kumwaga mawe mbele yake. Katikati ya wiki huna la kufanya ila kungoja. Kungoja huko ndiko kulikonifanya niwafahamu watawa wa mtaa ule, kwa sababu mwenye nyumba wangu huwalisha.

Namwita Pa, yaani shangazi. Mtu mzima huko humwiti jina kavu, kama kwetu tu. Kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi Pa yuko langoni, kandambili kavua, ana chungu cha wali wa moto na mchuzi uliogawanywa kwenye vifuko vya plastiki vilivyofungwa kwa mpira. Watawa wanakuja pekupeku kwa mstari, majoho ya zafarani, bakuli kifuani. Hawaombi. Wanasimama, Pa anatia wali, anachutama na kukutanisha viganja, wao wanasoma dua fupi, wanaondoka. Neno la ahsante halitoki kwa anayepokea. Mwenye kushukuru ni Pa, maana thawabu ni yake. Mara ya kwanza nilishangaa, kisha nikakumbuka kwamba hata kwetu masikini anayepokea zaka anakufanyia hisani wewe mtoaji.

Mwaka huo sikukuu ya Asalha iliangukia tarehe 10 Julai, na kesho yake yakaanza mafungo ya mvua, miezi mitatu ambayo watawa hawatakiwi kulala nje ya hekalu lao. Pa alikuwa amenunua mshumaa mkubwa wa kupeleka. Tarehe 15, mshumaa haujafika hata robo, polisi wakamkamata mwanamke mmoja Nonthaburi, kando ya Bangkok. Walisema ametembea na watawa wasiopungua tisa, wengi wao wakubwa wenye vyeo. Kwamba simu zake zina picha na video zipatazo 80,000. Na kwamba kwa miaka mitatu amepokea karibu baht milioni 385. Kisa kilianza kuvuja tangu katikati ya Juni, mkuu wa hekalu moja maarufu la Bangkok alipovua joho ghafla na kutoweka. Polisi wakasema alikuwa akitishwa atoe fedha. Miezi miwili nyuma, Mei, mkuu wa Wat Rai Khing, hekalu linalojulikana nchi nzima, alikuwa amekamatwa kwa tuhuma za kuchota zaidi ya baht milioni 300 za hekalu, na uchunguzi ukaifuata fedha hiyo hadi kwenye kamari ya mtandaoni. Basi nchi ilikuwa na kidonda tayari, na Julai ikatia chumvi.

Mfalme akafuta mwaliko wa watawa zaidi ya 80 waliokuwa wahudhurie sherehe za siku yake ya kuzaliwa. Polisi wakawafungulia wananchi njia ya kuripoti mtawa yeyote mkorofi. Mezani kwangu sokoni dalali mmoja kijana, akinionyesha rubi ambayo sikuitaka, aliniambia kwa kucheka kwamba sasa watawa watakuwa na nyota kama mikahawa.

Pa hakucheka. Alizima televisheni akasema kitu nilichomwomba mpwa wake anitafsirie mara mbili ili nihakikishe. Bungeni kulikuwa na kamati ya Seneti iliyopendekeza mwanamke anayelala na mtawa naye afanywe mhalifu. Pa akasema: "Wao wana amri 227. Yeye, kama sisi wote, ana tano. Sasa nani alipaswa kujizuia zaidi?"

Hesabu yake ni sahihi. Mtawa wa Theravada, madhehebu ya Kibudha yanayofuatwa Thailand, anabeba kanuni 227, na mlei ana nasaha tano tu. Sijasikia uchambuzi uliokata mfupa kama ule kwenye kituo chochote. Mwanamke yule kama alitisha watu na kuficha fedha, sheria ipo na imfuate. Ila kulikuwa na haraka fulani ya kuifanya habari nzima kuwa ya mwanamke na mitego yake, ilhali fedha zinazotajwa zilipita mikononi mwa wanaume waliokula kiapo cha kutoigusa.

Ninasema kutoigusa kwa sababu ndivyo ilivyo, na hili nililipata kwa Thit. Thit si jina. Huko ni wito wa mwanamume aliyewahi kuwa mtawa akarudi uraiani. Huyu alikaa ndani ya joho miaka kumi na moja, na sasa anachoma mawe. Kuchoma mawe ni kazi ya heshima Chanthaburi: yakuti hafifu inaingizwa tanuruni, inatoka na rangi imekolea. Soko linaijua na linaikubali kazi hiyo. Anayeogopwa ni dalali anayekuuzia jiwe lililochomwa kwa bei ya lisiloguswa moto. Thit aliniambia kwamba miaka kumi na moja hekaluni ilimfundisha jambo hilohilo.

Kanuni ya fedha ilivyo katika Vinaya, yaani sheria ya watawa, mimi niliiona kama kichekesho kitakatifu. Mtawa akipokea dhahabu au fedha, anatakiwa kuisalimisha mbele ya jamaa, yaani watawa wenzake. Asipopatikana mlei wa kuichukua, anateuliwa mtawa mmoja akaitupe, na aitupe bila kutia alama mahali inapoangukia. Soma tena hapo mwisho. Aliyeandika kanuni ile alikuwa anawajua binadamu.

Leo bahasha zinaingia hekaluni kila siku: za mazishi, za kubariki gari, za paa, za umeme. Hekalu lina akaunti benki, na mara nyingi mwenye kalamu ni mkuu wa hekalu na mlei mmoja aliyemteua mwenyewe. Thit alieleza hilo bila hasira, kama anayekueleza mvua inakotokea.

Nikamuuliza lililokuwa likinikera. Je, dini yao haina kombe la kufunika? Hakuna sitara? Akanijibu kwamba zipo kanuni mbili zinazokaa ndani ya orodha moja. Ya kwanza inasema mtawa akimweleza mtu asiye mtawa kosa zito la mtawa mwenzake, bila idhini ya jamaa, ametenda kosa. Nikasema naam, hiyo naijua, hiyo ni ya kwetu kabisa. Ya pili inasema mtawa akijua kosa zito la mwenzake akalificha, naye ametenda kosa. Usilitangaze barabarani, lakini ndani liseme, na leo. "Wengi wanaikumbuka ile ya kwanza," akasema Thit.

Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa. Kumbe kombe linafunikwa ili chakula kishughulikiwe jikoni. Kwetu tumebaki na mfuniko, tumesahau jiko. Nimeona mtu wa dini akihamishwa kituo badala ya kuulizwa, na kituo kipya hakikuambiwa lolote. Sitamtaja mtu wala mahali, anayejua anajua. Na anayeuliza huambiwa asimguse mpakwa mafuta wa Bwana, au huambiwa nyama ya mwanachuoni ina sumu. Thailand wana msemo wao: kumsema mtawa ni dhambi inayokutoboa ulimi, au kitu cha aina hiyo, mpwa wa Pa alishindwa kuutafsiri akabaki kujishika mdomo.

Lakini je, ikiwa jiko lenyewe limeharibika? Hapo Thit alinisimulia habari ya Devadatta, binamu yake Budha, aliyetaka kuupasua umma wa watawa na uongozi awe nao yeye. Budha hakuishia kumkemea faraghani. Aliagiza litolewe tangazo mjini Rajagaha kwamba Devadatta wa leo si yule wa zamani, na kwamba lolote atendalo au asemalo lihesabiwe lake mwenyewe, lisihesabiwe la jamaa nzima. Aliyetumwa kutangaza ni Sariputta, mwanafunzi mkubwa. Sariputta akasita, kwa sababu mjini huohuo aliwahi kumsifu Devadatta. Budha akamuuliza: ulipomsifu, ulisema kweli? Akajibu ndiyo. Basi vilevile, kaseme kweli.

Ninaipenda kusita kule kuliko tangazo lenyewe. Kila aliyewahi kumsifia kiongozi hadharani anajua uzito wa kurudi uwanja uleule na mdomo uleule.

Tangazo la Rajagaha lilipitishwa na watawa kwanza, kwa utaratibu, baada ya jambo kujulikana. Ufichuaji wa kamera ni kitu kingine. Mwaka 2022 mkoani Yasothon, kundi la wafichuaji likiambatana na waandishi wa habari lilimrekodi mtawa mzee wa miaka 98 akiwagusa wanawake, wakairusha. Kisha ikaelezwa kwamba mzee ana maradhi ya usahaulifu wa uzeeni, na nchi ikawageukia wafichuaji. Pa anaikumbuka vizuri. Siku niliyomuuliza kama naye angeripoti kwenye ule mlango wa polisi, alijibu kwa kunitajia mzee yule tu, akaendelea kumenya vitunguu saumu.

Na kuna jambo la sheria ambalo wageni hatulioni. Thailand, mtawa akikamatwa kwa kosa la jinai na asipopewa dhamana, anavuliwa utawa kabla ya hukumu. Kwa anayesingiziwa hiyo ni adhabu kabla ya kesi, maana miaka yake ya utawa inakatika hapo. Kwa mwenye hatia inaweza kuwa mlango wa nyuma. Watu wakishaona picha ya mtu aliyekuwa na joho, sasa kavaa shati jeupe na kichwa kipara, macho yao yanashiba. Nani tena atafuatilia akaunti? Wale tisa wa Julai, wengi waliondoka kwa mlango wa shati jeupe. Aliyebaki kwenye skrini ni mwanamke.

Wapo waliofuatiliwa hadi mwisho, nisiwanyime haki yao Wathai. Yule mtawa wa 2013 aliyeonekana kwenye video ndani ya ndege binafsi, miwani ya jua usoni na begi la kifahari kando, alikimbilia Marekani, akarudishwa 2017, na Agosti 2018 akahukumiwa miaka 114 kwa ulaghai na kutakatisha fedha, ingawa sheria inaishia 20. Baadaye mwaka huohuo akaongezewa 16 kwa kumbaka msichana mdogo. Lakini hesabu vizuri: mpaka ndege ipaae ndipo watu waulize mafuta kajaza nani.

Sasa ya mtaani kwetu.

Hekalu la mtaa wa Pa lilikuwa linajenga ukumbi. Zaidi ya mwaka bahasha zilikuwa zikichangwa kwa ajili ya paa, na nondo zilikuwa zimesimama pale zikiota kutu, ndege wameweka viota. Mkuu wa hekalu alikuwa amepata gari jipya. Huenda gari lilitolewa na tajiri fulani, mambo hayo yapo. Lakini Pa na wanawake watatu wa mtaa, mmoja muuza uji, waliomba kwa adabu, wamechutama, waoneshwe daftari. Wakaambiwa daftari liko kwa mlei anayeshika hesabu. Mlei akasema liko kwa mkuu. Wakazungushwa hivyo wiki mbili.

Asubuhi moja ya Agosti nikasikia kimya langoni, nikachungulia kutoka ghorofani. Pa alikuwa amesimama mahali pake, viganja vimekutana, kandambili kavua. Chungu kilikuwa chini, kimefunikwa. Ng'ambo ya barabara muuza uji naye hivyohivyo. Mstari wa watawa ukaja, ukapunguza mwendo mbele ya lango, mkuu akiwa mbele. Hakuna mkono uliosogea. Mstari ukapita. Mtawa mdogo wa mwisho, mtoto wa kama miaka kumi na miwili, aligeuza shingo akatazama chungu.

Nilimsimulia Thit nikidhani nimeona uasi. Akafurahi kama mtu aliyeonyeshwa jiwe adimu. Akasema hilo ni la kale kuliko mahekalu yote ya Thailand. Zama za Budha, watawa wa mji wa Kosambi waligombana, na ugomvi wenyewe ulianzia kwenye maji yaliyoachwa chomboni chooni. Wakagawanyika pande mbili, Budha akajaribu kuwasuluhisha wakamwambia awaachie wenyewe, naye akaondoka zake msituni. Walei wa Kosambi walipojua kwa nini ameondoka, wakaamua: hatuwasalimu, hatusimami kuwaheshimu, hatuwapi chakula. Ndipo watawa wakafunga safari kwenda Savatthi, alikokuwa Budha, kumaliza ugomvi. Na kanuni nyingi kati ya zile 227, akasema, hadithi yake inaanza na watu wa kawaida kunung'unika kwa jambo waliloliona. Mnung'uniko ulipokelewa, ukachunguzwa, ukawa sheria.

Nikapiga picha kichwani mwangu: bakuli tupu, njaa, toba. Haikwenda hivyo. Siku ya tatu nilimkuta kijana wa hekalu akitoka duka la mtaa na mifuko miwili ya vyakula vya pakiti na katoni ya maziwa. Hekalu lina fedha, halifi njaa. Walei wa Kosambi hawakushindana na akaunti ya benki. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mambo makubwa ya Bangkok yalifika yalikofika. Watawa wale wenye vyeo, chakula chao hakikutegemea lango la mtu. Hapakuwa na shangazi ambaye chungu chake kikifunikwa wangehisi.

Pa na wenzake waliliona hilo siku ileile, tena bila Vinaya. Walikaa barazani wakanywa chai, wakahesabu kwa vidole. Wakaacha kwanza kwenda kupika kwenye misiba inayofanyikia hekaluni, na msiba usio na wapishi huhamia kwingine pamoja na bahasha zake. Kisha muuza uji akatamka neno ambalo hata mimi nililitambua: kathin. Ni mwezi wa kutoa majoho baada ya mafungo kwisha, mwaka huo ulikuwa uanze Oktoba, na kila hekalu hupokea kathin moja tu kwa mwaka. Ndiyo mavuno. Wakapeleka salamu, kwa adabu, wamechutama, kwamba mwaka huu kathin ya mtaa wanafikiria kuipeleka hekalu la ng'ambo ya mto.

Hazikupita siku nne. Karatasi ikabandikwa kwenye nguzo ya ukumbi, chini ya nondo zenye kutu.

Nilikwenda nao kuitazama. Sisomi Kithai, lakini tarakimu ni tarakimu. Mpwa akanisomea: simenti, nondo, fundi, umeme, chakula cha mafundi. Na mstari wa mwisho, uliokula karibu theluthi ya jumla yote, ulikuwa na neno moja tu: mengineyo. Wanawake wale wanne walisimama mbele ya neno lile muda mrefu. Mtawa mmoja kijana alikuwa akifagia majani pembeni, anafagia palepale. Pa akafungua mkoba, akatoa kalamu ya wino mwekundu anayotumia kuweka alama namba zake za bahati nasibu, akalizungushia neno lile duara.

Thit nilipomwambia, alisema mwisho wa mafungo watawa wana ibada ambayo kila mmoja, mkubwa hadi mdogo, huwaambia wenzake: mkiwa mmeona, mmesikia au mmeshuku kosa langu, niambieni kwa huruma. Akasema safari hii hekalu lile lingeokoa muda, karatasi imeshasahihishwa.

Kesho yake asubuhi nilishuka kabla ya mstari kufika. Pa alikuwa langoni na chungu, na pembeni yake vifuko vya mchuzi wa kuku wa nazi vimepangwa kwenye sinia. Nilinusa nikajua ameutia binzari nyingi. Mkuu akasimama mbele yake, akafunua bakuli. Pa akamtia wali, kijiko kimoja kizima. Mtoto wa mwisho alipofika akapewa wali na vifuko viwili. Kisha Pa akachutama, akapokea dua, akavaa kandambili, na sinia lililobaki na mchuzi wa mkuu akaniingiza nalo ndani nikale.